Mchwa wa Kasha la Bati

Mwanangu Mbaraka,

Asubuhi nimekusalimu ukanijibu umetazama ukutani, kwa hiyo salamu tumeshazimaliza. Sasa umetoka kwenda kuaga watu, adhuhuri imepita, nyumba imenyamaza, na mimi nimeketi pale alipokuwa akiketi marehemu baba yako na ubao wake wa kazi. Najua utakaporudi utakula bila kusema kitu, utafunga mfuko wako bila kusema kitu, na kesho utapanda meli ya kisiwa cha Nosy Be ukiwa bado umenuna. Kununa huko umekurithi kwangu. Baba yako hakuwa na kipaji hicho.

Nimeona niandike. Barua nitaitia katikati ya mashati yako, uikute ukishafika kwa mkeo. Usicheke kuona nimeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni. Hayo tunayosema hapa nyumbani, nusu Kingazija nusu Kimalagasi, sijapata kumwona mtu akiyaandika. Baba yangu alipotaka kumwandikia jamaa yake, aliandika Kiswahili, na ndivyo alivyonifundisha. Kifaransa chako sikijui. Utasoma polepole, ukidonoa herufi moja moja, na mimi nataka iwe hivyo. Kwa mdomo ningemaliza haraka, na pengine ningedanganya tena.

Mambo ya kula, kulala na kuvaa sikuagizi. Zaliha ana mama mwenye macho makali, atakuangalia. Ninalotaka kukueleza ni lile kasha.

Uliniomba kasha la baba yako uende nalo nyumbani kwa mkeo, nikakataa. Ukaomba tena mbele ya mjomba wako, nikakataa mbele yake pia. Ukasema, "Mama, mimi ndiye mwanawe wa pekee. Kasha hilo unamwekea nani?" Sikujibu, nawe ukadhani ni uchoyo wa kizee. Laiti ungekuwa uchoyo.

Halafu juma lililopita, walipokuja watu wa Zaliha, ukawasimulia kisa cha mchwa. Unakisimulia vizuri, kama alivyokuwa akikisimulia yeye. Kwamba mama yako siku moja alitoa kasha nje kwa sababu mchwa walikuwa wameingia chini ya kitanda, baba yako akarudi kazini, akaliona kibarazani, akadhani ameachwa, akalitia begani akaenda zake Nosy Be akakaa karibu miaka miwili, kumbe mwanamke alikuwa anafagia tu. Mama yake Zaliha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Wote walicheka, maana wote wanajua kasha la mume likiwekwa nje maana yake nini. Mimi nami nilicheka. Nimekuwa nikikicheka kisa hicho tangu hujazaliwa.

Mwanangu, hapakuwa na mchwa.

Ngoja nianze mbali kidogo, nipate nguvu.

Baba yako, Ahamada, alizaliwa Ambanoro, kule kule Nosy Be unakokwenda, mtoto wa mama mjane aliyekuwa akichuma maua ya langilangi ya kutengenezea manukato. Vita vya kwanza vya Wafaransa na Wajerumani vilimchukua ndevu hazijamjaa. Alikaa huko miaka, akarudi na nishani moja, kasha la bati lenye namba nyeupe ubavuni, na sikio moja tu linalosikia. La kushoto lilizibwa na mzinga. Yeye alikuwa akisema halikuzibwa, limebaki Ufaransa, siku moja litamwandikia barua. Vita vyenyewe hakuvisema. Alilosema ni kwamba kule alipewa kazi ya kuziba vyombo vya wapishi wa jeshi, na mzee mmoja askari wa huko akamfundisha kulehemu mpaka mkono ukakubali. Hiyo ndiyo elimu aliyorudi nayo, na ndiyo iliyokulea wewe.

Alikuja hapa Mahajanga akaweka moto wake karibu na soko. Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa. Siku moja nikatumwa na birika lililotoboka, akaliziba, nikarudi nyumbani. Baada ya siku chache birika likatoboka tena. Akaziba. Mara ya tatu akalishika juani, akaangalia lile tundu, akaniangalia mimi.

"Birika lenu lina ugonjwa," akasema.

"Ugonjwa gani?"

"Ugonjwa wa msumari."

Nikaona aibu nikataka kulinyang'anya nikimbie. Akalishikilia, akaliziba taratibu kuliko siku zote. Baada ya kuoana akaniambia alijua tangu tundu la pili. Birika lililotobolewa kwa msumari hujulikana, kingo za tundu huingia ndani. Lakini hakusema, kwa kuwa hakutaka niache kuja. Kumbuka jambo hili, nitalirudia.

Desturi yetu unaijua, ndiyo inayokuondoa kesho. Nyumba ni ya mwanamke. Mimi nilijengewa hii na baba yangu na kaka zangu kabla sijaposwa, na baba yako akaja na kasha lake, kama nawe unavyokwenda kwa Zaliha. Siku alipoingia, baba yangu alimpigilia msumari ukutani upande wa kitanda, akamwambia, "Hapa pa kutundika kanzu yako." Alitundika kanzu, kofia na mkoba wa vyombo vya kazi, na kasha likasukumwa uvunguni likawekwa vitambaa vyangu vya zamani. Hivyo tuliishi miaka zaidi ya kumi. Nilizaa wawili, hawakukaa. Aliwazika yeye kwa mikono yake, na kila mara alirudi akakaa nami sakafuni siku nzima, asiniambie nivumilie, asiniambie chochote. Kukaa tu.

Sasa sikia upumbavu wangu. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kike, na mtoto wa kwanza wa kike huolewa harusi kubwa, ya mji mzima. Mimi niliolewa harusi ndogo, na baba yako kila mwaka akisema mwaka ujao. Kwetu, mwanamume asiyefanya harusi kubwa, hata awe na mvi, ni kijana. Akiingia mahali huketi karibu na mlango. Yeye hakujali. Mimi nilijali kwa niaba yake, na hilo ni jambo baya sana kumfanyia mtu.

Ikafika harusi ya Mariamu, mdogo wangu, harusi kubwa kweli kweli, na waliokuja ni watu wa heshima wa Mahajanga na wengine wa visiwani. Baba yako alioga, akavaa kanzu, akabandika nishani kifuani. Alikuwa ameshatimiza miaka arobaini. Akapita mbele ya wazee, yeye akimwambia kila mmoja "Kwezi," kama anavyosema mdogo kwa mkubwa, nao wakimjibu "Mbona" huku wakiendelea na mazungumzo yao. Kisha akaenda kuketi mlangoni na vijana wasioota ndevu. Nilikuwa nikichungulia kutoka kwa wanawake. Mjomba wangu mkubwa akaita, "Wewe kijana, lete birika tunawe." Alikuwa akimwita baba yako.

Akainuka. Akawanawisha mikono watu wote, mmoja mmoja, ameinama, nishani ikining'inia juu ya beseni. Mtu mmoja akatania kwamba Wafaransa wametupa mnawishaji mwenye cheo. Watu wakacheka, na baba yako akacheka. Alicheka kwa moyo mweupe kabisa, akarudi mlangoni akawasimulia wale vijana kichekesho kile kile kwa sababu hawakukisikia.

Mbaraka, yule aliyetania sikumchukia. Nilimchukia baba yako kwa kucheka.

Kesho yake alfajiri alikwenda Belobaka, kuna shamba lililokuwa na mitungi ya shaba ya kuchemshia maua, mmoja ulikuwa unavuja. Mimi nilikaa na uchungu wangu mpaka jua likapanda. Halafu nikaingia uvunguni nikavuta kasha, nikatoa vitambaa vyangu, nikatia kanzu zake, kofia, wembe, nikalikokota mpaka kibarazani, majirani wakiona. Koko yako, mama yangu, alikuwa ndani. Hakunikataza na hakunisifu. Alichukua ufagio akafagia pale uvunguni lilipokuwa kasha. Nilipomwona anafagia nilijua jambo limekwisha fanyika.

Alirudi alasiri. Nilifunga mlango, nikasimama nyuma yake kwa ndani. Nilisikia hatua zake, nikasikia zinakoma. Akatua mkoba wa vyombo chini. Kisha akaita, "Sitti." Mara moja tu. Nikasikia kitu kinagusa mbao za mlango. Nilichungulia kwenye ufa, kilikuwa kichwa chake. Ameweka lile sikio lake la kulia mlangoni, anasubiri. Mimi nilikuwa upande wa pili, umbali wa kiganja, nimejiziba mdomo kwa leso.

Ningesema neno lolote lingetosha. Hata ningemtukana. Sikusema, naye akalitia kasha begani akaondoka.

Alikwenda Ambanoro kwa dada yake, Shangazi Echati, maana mwanamume aliyetolewa huenda wapi tena. Nikangoja talaka. Kila meli ikija nilisema leo italetwa karatasi. Karatasi haikuja. Kilichokuja ni vitu. Mara nahodha ameleta taa ndogo ya bati, mara faneli ya kumiminia mafuta, mara upawa, mara kikombe chenye mkono uliokunjwa vizuri usikate kidole. Vyote kwa mkono wake, vyote bila neno. Nami nilivipokea bila neno, nikavipanga nyuma ya mlango. Nilikuwa nikijiambia siku akiandika, nitajibu. Nadhani naye alikuwa akijiambia hivyo hivyo. Tulikuwa watu wawili wajinga na bahari kati yetu.

Mwaka ukapita, na mwingine ukakaribia kwisha. Siku moja nikachukua sufuria kubwa ya shaba ya Koko, ile ya karamu, nikaigeuza, nikachukua msumari na jiwe, nikaitoboa kitako. Koko angejua angeniua. Nikaikabidhi kwenye meli nikasema ipelekwe kwa fundi Ahamada wa Ambanoro, imetoboka.

Meli iliyofuata ilikuja naye. Alisimama hapo nje na sufuria imezibwa, inang'aa, amepungua mwili, kanzu imemwelea.

"Hodi."

"Karibu."

Hakuingia. Akanipa sufuria juu ya kizingiti.

"Imepona," akasema. "Ilikuwa na ugonjwa ninaoujua."

Nilitaka kulia. Akaendelea, "Kasha nimeliacha bandarini na mtu wa kigari cha pusipusi. Nilimwambia asilivute mpaka nijue."

"Ujue nini?"

"Kama pana mahali pa kuliweka."

Hapo ndipo, mwanangu. Kama kuna saa moja katika maisha yangu ningependa nirudishiwe, si ile ya nyuma ya mlango, ni hii. Kilichotakiwa kilikuwa maneno machache: nilikutoa kwa makusudi, nilikosa, nisamehe. Lakini Koko alikuwa ameketi ndani, anasikia kila kitu, na mimi nina shingo ngumu. Nikasema, "Mahali pake papo. Siku ile nililitoa kwa sababu ya mchwa. Waliingia uvunguni. Wewe ukaondoka bila hata kuuliza."

Umeona? Nilimtwisha na kosa juu yake.

Akanitazama. Ndivyo alivyokuwa akitazama chombo kilicholetwa kwake, akitafuta kinavuja wapi.

"Mchwa," akasema.

"Mchwa."

"Basi wamekwisha?"

"Wamekwisha."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka kwenda kuleta kasha lake. Tangu siku hiyo kisa kikawa hicho, na msimulizi wake mkuu akawa yeye. Aliwasimulia wazee, akawasimulia wateja, akajifanya yeye ndiye mjinga wa kisa. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe, na wewe ukakaa.

Sasa nikuulize wewe, fundi wa mitambo, uliyekuwa ukilipiga ngoma lile kasha kwa vijiko utotoni mpaka nikakuchapa. Kasha lile ni bati tupu, kifuniko bati, kitako bati. Mchwa walikuwa wakitafuta nini humo? Huyu ni mtu aliyeshinda na bati mikononi maisha yake yote. Unadhani hakujua? Alijua pale pale kizingitini. Lile tundu la uongo wangu aliliona lilivyoingia kingo ndani, akaliziba kimya kimya, kama lile la birika. Miaka yote hii nilidhani nimemdanganya.

Na lile neno lake. Unalikumbuka. Nikinuna, nikibamiza kifuniko cha chungu, nikiacha kumjibu, alikuwa akichungulia jikoni akauliza, "Mchwa wamerudi?" Wewe ulikuwa ukianguka kwa kicheko. Nami hasira ikinitoka nacheka, namwambia hawajarudi, naye anarudi kwenye ubao wake. Majirani walikuwa wakituona watu wa furaha, na hakika tulikuwa na furaha, sikudanganyi hilo. Alinitungia uzi kwenye sindano macho yangu yalipoanza kudhoofu. Alinichotea maji bila kujali nani anaona mwanamume na ndoo. Na ile siku ya kwanza ya uhuru, wewe ulikuwa umeshakuwa kijana, alipiga mswaki nishani yake akaibandika, akafika mlangoni, akasimama. Akasema, "Leo wanashangilia kuondoka kwa walionipa hii. Nitaonekana nimefika kwenye harusi isiyo yangu." Akaibandua akanipa mkononi, akaenda kutazama bendera na vitundu viwili vya pini kwenye kanzu. Niliona anaketi mwisho kabisa wa watu, karibu na njia ya kutokea. Alikuwa amezoea kuketi pale, na mimi ni mmoja wa waliomzoesha.

Uliona mwenyewe alivyougua. Siku zake za mwisho, ulipokuwa umeketi upande wa miguu yake, nilitaka beseni lililokuwa uvunguni, kasha likanizuia, nikalivuta kidogo pembeni. Likakwaruza sakafu. Alikuwa hajafumbua macho tangu asubuhi. Akafumbua, akaelekeza sikio lake zima kwenye ule mlio, akasema kwa sauti ndogo, "Mchwa wamerudi, Sitti?"

Wewe ulicheka. Ulicheka kwa furaha, ulidhani ameanza kupata nafuu kwa kuwa anatania. Mimi nami nikacheka, na wanawake waliokuwa mlangoni wakacheka, chumba kizima. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama, anangoja jibu, nami nikampangusa uso nikasema, "Lala, Ahamada." Sikumjibu. Siku ya tatu akafariki.

Katika eda yangu Shangazi Echati alikuja kukaa nami, kama ulivyoona. Siku moja tukichambua mchele akaniambia kwamba mwaka ule wa Ambanoro walimtafutia baba yako mjane mwenye nyumba nzuri, mtu mwema. Akawaambia, "Mimi nina nyumba. Iko Mahajanga. Ila kwa sasa haina nafasi." Echati alinisimulia kwa kuchekesha. Nilimwaga ungo wa mchele.

Eda ilipokwisha, ile siku uliyonikuta nimefunga mlango ukadhani naumwa, nilikuwa nimefungua kasha. Tangu aliporudi, baba yako hakuutumia tena ule msumari wa ukutani. Nguo zikifuliwa alizikunja mwenyewe akazitia kasha, akalisukuma uvunguni. Nilidhani ni tabia ya askari. Nilimtania nayo. Nilipofungua nikakuta kanzu mbili, shati, wembe umefungwa kitambaa, sahani moja, kijiko kimoja, nishani, kamba ya kufungia, na mche wa sabuni. Mzigo wa mtu anayeondoka kesho.

Ile sabuni ilikuwa mpya, Mbaraka. Bado ina karatasi yake. Ni ile ya kijani iliyoanza kuuzwa hapa mwaka huu. Maana yake alikuwa akibadilisha. Miaka yote ile, sabuni ikikauka aliitoa akaweka nyingine. Alikula chakula changu, akanipenda, akakulea wewe, akafumba macho kila siku juu ya kitanda ambacho chini yake mzigo wake ulikuwa tayari. Kila aliponiuliza kama mchwa wamerudi, alikuwa anauliza kweli. Alitaka kujua kama siku yake imefika, ili asinisumbue tena kusimama nyuma ya mlango.

Sasa umejua kwa nini sikukupa kasha. Sikutaka uingie nyumbani kwa mwanamke na kitu kilichozoea kungoja kutolewa. Na sikutaka kisa cha mchwa kikae kwa watu wa Zaliha kama kichekesho. Wasimulie ukitaka, lakini wasimulie chote, na umtaje mama yako kwa jina. Ukiona huwezi, nyamaza.

Sina la kukufundisha juu ya ndoa. Nilipewa mume mzuri nikamfanya mgeni, hiyo ndiyo elimu yangu. Ila ukimkuta Zaliha amenyamaza, usimtanie ili acheke. Keti, muulize unalotaka kujua kwa jina lake hasa. Na yeye naye, nakuomba umwambie, akiona unauliza, akujibu. Hata kama mama yake anasikia.

Nguo za baba yako nimezitoa zote. Kanzu nimeitundika kwenye msumari wake, na kofia juu yake. Kasha ni tupu, liko mahali pake, nalo halitatoka tena nyumba hii nikiwa hai. Vyombo vyake vya kazi viko kwenye mkoba karibu na mlango, hivyo ni vyako, na chuma cha kulehemia nimekisugua.

Sabuni nimeitia kwenye mfuko wako, chini ya mashati. Usiitunze. Siku utakayofika, ivue karatasi, uoge nayo, na ukimaliza uiache wazi bafuni kwa mkeo, ilowane.

Mama yako,
Sitti